Balisifu Kazi Yangu, Kumbe Ilikuwa Shingo

Ile mwaka batu balinisifu sana. Mbele majirani bafungue milango, nilikuwa nimeshafagia kiwanja yetu ya Bulengera, nimefagia na mbele ya mulango ya jirani, nimechota maji, nimewasha moto, na nilikuwa nasimama katikati ya kiwanja nikitafuta kazi ingine. Asubui ya Butembo ni baridi, batu banapita na mikono mu koti. Mimi nilikuwa na shati ya mikono mifupi na jasho inashuka ku mugongo. Mu shirika, kikundi yetu ya kanisa, nyuma ya sala, katekista Paluku alisimama akasema: "Babinti, muangalie mama Katungu. Na buzee bwake, anabashinda ninyi bote. Huyu njo mutu anajua jembe." Batu bakapiga makofi. Mimi nilikuwa juu ya benchi, muguu inatikisika yenyewe, nawaza maharagi yenye sijapalilia.

Ninaandika kwa mutu mwenye anasifiwa vile. Na kwa mutoto wake ao mukwe wake, mwenye anamuangalia, anaona kitu haiko sawa, lakini anaogopa kusema. Nilisoma kidogo, nilifika mwaka wa tatu ya primaire kwetu Kirumba, donc usitafute hapa maneno ya badokta. Nitakuambia tu ginsi nilikaa na ginsi nilingoja. Zaidi ginsi nilishindwa kukaa.

Kwetu hapa, ukikutana na mutu mu njia ya soko, anakuuliza kazi inaendelea namna gani mbele akuulize kama uko muzima. Donc mutu mwenye hapumuziki, hakuna mwenye atamupeleka kwa muganga. Batamupa jembe ya pili. Na uvimbe ya shingo haikuwa habari mupya. Mama yangu Kanyere alikuwa nayo. Dada yake Kahambu alikuwa na kubwa kama vokado, akaolewa nayo, akazaa nayo, akazikwa nayo. Yangu ilitokea wakati nilikuwa na mimba, nikaifunika na kitambaa, maisha ikaendelea. Uvimbe ya siku mingi ni kama kiti ya zamani mu nyumba, hakuna mutu anaiangalia tena.

Nilikuwa nakula bugali kuliko Kakule, mutoto wangu mwanaume mwenye ninaishi kwake, na yeye anabeba magunia ya maharagi na gari toka Kirumba. Nakula, naomba ingine, na kikwembe inaanza kunizunguka mara mbili. Batu banasema: kazi inakausha mutu. Moyo ilikuwa inapiga kama masini ya kusaga mihogo, hata nikilala, hata nikiomba. Nywele zilikuwa zinabakia ku kitana. Nilikuwa nakasirikia sufuria. Kavira, mukwe wangu, bibi ya Kakule, anaosha sufuria. Mimi naichukua, naiosha tena mbele yake.  Alikuwa na mimba kubwa, alikuwa naniangalia tu.

Mvua ya kupanda maharagi ilipoanza, Kavira akazaa mutoto mwanaume, Kasereka.

Kwetu mutoto akitoka ku maternité, mukaka, mama ya muzazi wake, njo anamuosha. Unakaa chini, unanyoosha miguu, unalaza mutoto juu ya miguu, maji ya moto kidogo mu beseni, unamusugua, unanyoosha mikono yake, unapanga kichwa yake na kiganja. Hii kazi niliifanya kwa batoto bote ba nyumba yetu. Kwa Kakule nilimuosha Mumbere, nilimuosha Kambale, nilimuosha Masika mwenye alikuwa nalia mpaka jirani bakuje kuangalia. Kwa binti yangu Kavugho niliosha Kahindo na Mbusa. Kwa jirani niliosha mapasa, Nguru na Ndungo, moja ku kila muguu. Hakuna hata mumoja aliniponyoka.

Kasereka, nilimulaza ku miguu, nikatia mukono mu maji, nikaanza na kichwa. Nilifika ku mugongo. Kavira alikuwa amekaa ku mukeka, bado zaifu, mara moja akasimama.

"Mama, leta mutoto."

"Nilete nini? Bado sijamaliza mugongo."

"Mama, hapana. Leta. Mikono yako iko natetemeka."

"Ni baridi."

"Baridi na jasho yote ile? Mama, angalia maji."

Nikaangalia. Nilikuwa nimeweka vidole tu ku mudomo ya beseni, na maji yote ilikuwa inacheza, mawimbi ndogo ndogo, kama vile gari kubwa inapita mu barabara. Hakuna gari ilikuwa inapita. Kavira akanama, akamutosha mutoto ku miguu yangu, akamufunga mu kitambaa, akaingia naye mu nyumba. Miguu yangu ikabakia pale, imenyooka, iko na maji.

Kakule aliporudia, nilimungojea ku barabara.

"Bibi yako amenifukuza ku mutoto."

"Mama, labda umechoka."

"Mimi? Kuchoka? Uliza mu shirika!"

Akacheka kidogo, nyuma akaacha kucheka. Alikuwa ameona kidevu yangu nayo inatetemeka.

Toka siku ile nilikuwa na neno moja tu mu kichwa: nishike tena ule mutoto mbele akuwe mukubwa. Mutoto muchanga hangojee mutu. Kila siku Kavira alikuwa anamuosha yeye mwenyewe, mimi nasimama ku mulango, namuambia nyoosha mukono, hapana vile, polepole, na kila siku miguu yake ilikuwa inazidi beseni.

Nilizunguka kwa baganga. Ku kituo ya sante ya kwanza balisema malaria, nikameza dawa ya malaria. Ya pili balisema tifoide. Ya tatu, tension. Kuko hata mwenye alinipa dawa ya minyoo, juu nakula sana na sinenepe. Hakuna mwenye alitosha kitambaa ku shingo yangu, na mimi mwenyewe sikuitosha. Nasema hii na nguvu kwa mwenye anasoma: ukiingia kwa muganga, tosha kitambaa. Usingoje akuombe.

Mwenye aliniona ni mama Zaina. Ni mama Muislamu wa Beni, anauzisha bikwembe, tunajuana toka wakati bwana yake marehemu Ramazani alikuwa anapakia maharagi yetu. Alinikuta mu soko, akaangusha bikwembe byake.

"Katungu! Unaniangalia nini vile? Nimekula deni yako?"

"Nakuangalia tu."

"Hapana. Macho yako iko inatoka. Haifungike. Shemeji yangu Mariamu alikuwa vile. Na shingo vile vile. Kesho tunashuka pamoja Beni, kuko dokta anaitwa Muhindo."

"Kesho napalilia."

"Kesho unashuka, ao nitakufunga na hizi bikwembe nikubebe kama muzigo."

Tulishuka. Barabara ya Beni unaijua: gari inasimama ku kizuizi, batu banashuka, banapita kwa miguu, banapanda. Mimi nilikuwa nafurahia bizuizi. Kukaa ndani ya gari ilikuwa mateso, magoti inagonga kiti ya mbele. Niliomba dereva asimame, nikatembea kidogo, nikapanda. Nikaomba tena. Abdu, njo jina ya ule dereva, akageuka: "Mukaka, kama unataka kufika na miguu utuambie, tukupe na mizigo ubebe." Gari yote ikacheka. Na mimi nikacheka, machozi ikatoka, na kucheka ikakataa kuisha. Mama Zaina akanishika mukono mpaka tukafika.

Beni iko na joto. Mutu wa Butembo akifika pale anatosha koti. Mimi sikuwa na kitu ya kutosha tena. Mu chumba ya kungojea hospitalini, batu balikuwa bamekaa ku mabenchi ya mbao: papa Mathe na muguu yake yenye kuvimba, mama Kyakimwa na mutoto wa masikio, msichana mumoja Esperansi mwenye alikuwa na uvimbe kama yangu, bado ndogo. Bote banakaa. Mimi natembea, mulango mpaka dirisha, dirisha mpaka mulango.

"Mama," papa Mathe akasema, "kaa chini. Utamaliza simenti ya hospitali, na sisi benye kubakia tutakanyaga udongo."

Nikakaa. Nikasimama.

Dokta Muhindo ni kijana, sauti yake ya chini. Alitosha kitambaa yeye mwenyewe. Akasimama nyuma yangu, akaweka vidole ku shingo.

"Meza mate, mama."

Nikameza.

"Tena."

Kinywa ilikuwa imekauka, bakaniletea maji. Nikameza tena, nikasikia uvimbe inapanda na kushuka chini ya vidole byake. Nyuma akaniambia ninyooshe mikono, akalaza kipande ya karatasi juu ya vidole. Ile karatasi ikaanza kutetemeka na sauti, frrr, kama nzige mu chupa. Sisi tatu, dokta, mama Zaina na mimi, tukaiangalia.

"Mama, kazi gani unafanya?"

Nikamuambia. Kulima, kuchota, kufagia, kubeba kitunga ku mugongo na kamba ku kipaji, toka shamba mpaka nyumba. Nilikuwa nasema na kiburi, nilizoea makofi.

Akatikisa kichwa. "Sio wewe unafanya ile kazi yote, mama. Ni hii ya ku shingo. Imekuwa moto, inasukuma mwili yote. Inasukuma na moyo. Tukiiacha, moyo itachoka siku moja, bila kukuambia."

Nililia pale. Mama Zaina aliwaza ni woga ya kufa, akaanza kuniombea. Haikuwa kufa. Nilikuwa nawaza ile shamba yote, ile sifa yote. Nani alilima? Mimi ao uvimbe? Balinipigia makofi mimi, ao balipigia ugonjwa?

"Na mikono?" nikauliza. "Dokta, mikono itatulia?"

"Itatulia. Mais polepole. Na unafaa kukaa."

Damu yangu ilipelekwa mbali, juu hapa masini ya kuipima haikuweko. Kungojea majibu. Kungojea dawa, juu ilikuwa inapita Kasindi, ku mupaka, na siku ingine barabara ya Kasindi haipitike. Nyuma dawa ikafika, vidonge ya asubui, ya mchana, ya mangaribi, na kingine kidogo ya kupunguza mbio ya moyo. Dokta akanionya: ukisikia homa na koo inauma, acha kumeza na uende hospitali siku ile ile, usiseme ni mafua. Ilinipata mara moja. Kakule alinipandisha ku pikipiki, mvua inapiga, nikapimwa damu. Ilikuwa mafua. Muganga hakukasirika, alisema ni vizuri nilikuja. Na wewe uende hata kama utaona haya.

Dawa haikuwa ngumu. Ngumu ilikuwa kukaa. Kakule alitundika kamba ya kitunga yangu ku misumari, juu sana, pale sifikie. Nilikaa ku veranda na kikombe ya chai, inamwangika ku sahani. Kavira alipalilia maharagi yangu nyuma ya nyumba, Kasereka ku mugongo yake.

"Kavira! Unaacha majani pale!"

"Wapi, mama?"

"Pale! Ku mukono ya kuume! Hapana pale! Leta jembe!"

Akasimama, akaegemea jembe. Nilikuwa nimeshasimama na mimi.

"Mama," akasema, "meza mate."

Nilikuwa nimebaambia ginsi dokta alifanya. Nikakaa tena. Nyuma nikameza. Tukacheka sisi mbili, mara ya kwanza toka ile siku ya beseni. Toka pale ikawa neno ya nyumba, na kuweka vidole ku shingo. Masika akilia juu ya shule: meza mate. Kakule akikasirikia gari yenye kuharibika: meza mate, papa.

Inje ya nyumba haikuwa vile. Banasema mama Katungu amezeeka gafula. Banasema mukwe amemuloga. Katekista Paluku akakuja kuniangalia, ni mutu muzuri, akasema: "Mama, tunakukosa ku salongo, ku kazi ya pamoja. Babinti banauliza mufano yao iko wapi."

 Kavira akatoka jikoni na mikono iko na unga.

"Katekista, mama iko kazini. Kazi yake ni kukaa. Wewe jaribu, siku moja tu, bila kusimama, tutakupigia makofi."

Akaangalia kofia yake. Akakaa na mimi, mangaribi yote. Alirudia na wiki yenye ilifuata.

Maharagi ikavunwa, mahindi ikapandwa. Kilo zilianza kurudia, moyo ikashuka, macho ikaanza kufungika. Mikono ilikuwa inatetemeka bado, mais kidogo, kama mutu anatoka ku maji baridi. Kasereka alianza kukaa. Nilikuwa naomba kumushika, Kavira ananiletea, ananiketisha ku mukeka na mito pande zote, anakaa karibu sana, mikono yake chini ya mikono yangu. Tulikuwa tunashika mutoto mikono mine. Ilikuwa nzuri, na ilikuwa inauma.

Dokta Muhindo akasema sasa moyo inaweza, tupasue, juu uvimbe ilikuwa inakamata hata pumzi nikilala. Akasema sauti inaweza kupotea kidogo, ao sana. Kakule hakutaka. "Mama, dawa inakutosha." Balibishana na Kavira, nilibasikia kupitia ukuta. Mimi nilikuwa nimeshafunga muzigo yangu mu kikwembe. Niliogopa, usiwaze sikuogopa. Mais nilikuwa nimechoka kungojea mikono yangu.

Kavira njo alishuka na mimi kunilinda, Kasereka ku mugongo. Mama Zaina alitupokea kwake na wali. Nilipoamuka nyuma ya kupasuliwa, kitu ya kwanza nilitafuta ni mikono. Niliinua juu ya shuka. Ilikuwa imetulia. Nikataka kumuita Kavira, ikatoka hewa tu, kama mulango yenye hainyweshwe mafuta.

Na siku yenye ilifuata, vidole bikaanza kuchomwa chomwa, na midomo, nyuma vidole bikajikunja byenyewe, bikakataa kunyooka. Nikaona: hapana, tena mikono, Mungu wangu. Muganga Vumilia alikuja mbio na sindano. Dokta akaeleza kuko vitezi vingine mu shingo, vidogo kama punje ya muchele, viko nyuma ya kile kikubwa chenye balitosha, vilishituka, vitaamuka. Kama unapasuliwa na unasikia vile ku midomo na vidole, ita muganga mara moja, hata na sauti ya hewa. Piga kitanda.

Ile siku Kavira aliniosha. Nilikataa, na kichwa, juu mukwe kuona mwili yangu ilinipatia haya. Hakusikiliza. Maji ya moto kidogo, beseni ya hospitali. Aliosha kichwa, akafika ku mugongo, nyuma akachukua mikono yangu, kidole kwa kidole, akainyoosha, polepole, vile nilikuwa namufundisha toka ku mulango. Kasereka alikuwa chini, anashika muguu ya kitanda, anajaribu kusimama.

Sasa, juu ile ya ku shingo haiko tena, nakunywa kidonge moja kila asubui mbele ya chai, na nitakunywa mpaka mwisho yangu. Sauti ilirudia nusu. Mu shirika siongozi tena rozari, nasikiliza. Mu soko naangalia shingo ya batu, siwezi kuacha, mama Zaina anasema siku moja batanipiga. Nilimuona Esperansi, nikamuuliza kama alirudia kwa dokta. Alikuwa amerudia.

Ile siku nilipona kabisa mu roho yangu, niliomba Kavira anipe beseni. Hakusema hapana. Alipima maji na kiwiko, akaenda kusimama ku mulango, kule nilikuwa nasimama mimi. Nilikaa chini, nikanyoosha miguu, nikaweka vidole ku mudomo ya beseni. Maji ikalala. Niliona mabati ya nyumba ndani yake.

"Kasereka, kuja."

Alikuja mbio, akaona maji, akapita mbio. Amekuwa mukubwa, anakimbia. Akazunguka nyumba, akarudia, akapiga beseni na muguu, maji yote ikanimwangikia, akapanda ku mulango, akashuka, akafukuza kuku. Kavira ku mulango alikuwa anacheka, ameshika tumbo.

"Mama, huyu hatulie hata kidogo! Amefanana nani?"

Nilibakia pale, miguu imenyooka, kikwembe iko na maji. Sikusimama. Mbele, ningesimama. Kasereka alichoka na kuku, akarudia yeye mwenyewe, anapumua mbio, akajitupa juu ya miguu yangu. Nikamushika. Hakuna mukono ingine chini ya mikono yangu. Akaangalia kovu yangu, akaweka vidole yake ya matope ku shingo, vile anaona bakubwa banafanya.

"Meza," akasema.

Nikameza.

"Tena."